Mlio Mmoja Mrefu

Kwako kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako Honi, jina ulilonibandika mwenyewe nikiwa sijaota hata meno, likaning'ang'ania mpaka leo. Hata wateja wa mashineni wananiita hivyo, na lawama zote ni zako. U hali gani huko kambini, na barabara mnayoijenga imefika wapi? Je, kifua chako na lile vumbi la greda mnaelewana? Mara ya mwisho uliandika kwamba unafunga kitambaa puani kama mwizi wa kwenye sinema. Nilicheka, halafu nikabaki na wasiwasi, maana wewe hata ukiugua sana huwa unaandika umeugua kidogo. Nakuomba ule vizuri na upumzike. Na nakuomba jingine: najua tabia yako ya kusoma barua kuanzia mwisho. Safari hii usifanye hivyo. Soma kutoka juu, polepole, mpaka chini.

Nimepiga simu yako mpaka kidole kimechoka. Yule dada wa kwenye simu ananijibu kwa upole uleule kwamba hupatikani, na jana nilimtukana, masikini, kana kwamba yeye ndiye aliyekuficha. Kwa bahati nimempata dereva wa lori anayepeleka vipuri huko kwenu. Ameapa kwamba barua hii hatampa mtu mwingine ila wewe, na nimemwangalia usoni, nadhani ni mtu wa kweli. Anaondoka akimaliza kupakia, kwa hiyo mwandiko wangu usamehe. Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi, karatasi iko juu ya goti. Benchi la wapi, nitakuambia.

Nyumbani tupo. Yule mbuzi mkorofi aliyekula shati lako la safari amezaa pacha, na wote wawili wamemfuata mama yao kwa tabia. Paa la jiko nimelitengeneza mwenyewe, ingawa ukilitazama utadhani lilitengenezwa na adui. Mimi bado nasaga mashineni. Mkanda ulikatika mara moja, tukaufunga, ukakatika tena, sasa tunao mpya. Jioni narudi nyumbani nikiwa mweupe kichwani kama bibi kizee, na watoto wa jirani wananiamkia shikamoo kwa makusudi.

Siku zote hapa ndipo ninapoandika kwamba mama hajambo na anakusalimu. Leo niache kidogo, nianze na daraja.

Ulipoondoka, daraja lilikuwa bado ni maneno ya mkutanoni. Lakini mama unamjua. Shule ilipokuwa haina paa, si ulikuwepo? Alikwenda mjini kwenye ofisi ya yule mkubwa, akaketi kitini na kikapu chake miguuni, akamwambia kwamba hana haraka, atasubiri tu mpaka mabati yapatikane. Yule bwana alishindwa kula, akashindwa kupokea wageni, akatoa mabati ili arudishiwe ofisi yake. Hata mashine hii inayonipa kazi, ni yeye aliyeipigania, wanawake wakaacha kuvuka mto na magunia kichwani. Watu wanamtania kwamba akifika mbinguni ataitisha mkutano wa kuchimba mtaro. Naye hujibu kwamba kama mtaro hakuna, itabidi.

Kwenye daraja alipata alichokitaka kwa namna ileile ya kuketi. Wakubwa wakaahidi saruji, nondo na fundi mwashi, na kijiji kilete mawe, mchanga na mikono. Tena wakasema mapema: mikono ikilegea, saruji inarudi ilikotoka.

Kwa nini alilitaka daraja kuliko kitu chochote, wewe na mimi hatuhitaji kuambiwa. Sitaki kukurudisha kwa baba, lakini siwezi kuandika barua hii nikimruka. Tulimbeba na kitanda chake mpaka ukingoni, maji yamejaa, na ng'ambo ya pili tunaliona bati la hospitali linavyong'aa juani. Tukangoja maji yapungue. Yeye hakuweza kungoja. Mama siku ile hakulia, unakumbuka. Aliutazama mto kama mtu anavyomtazama aliyemtukana mbele za watu, akasema tumrudishe mzee nyumbani.

Basi kazi ilianza, na ilikwenda kwa filimbi. Ni ileile ya mama, ya bati, iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Kwa kuwa umekaa mbali muda mrefu nikukumbushe. Milio miwili mifupi: njooni na majembe na sepetu. Mitatu mifupi: mkutano, kila mtu na kigoda chake. Mmoja mrefu: acha ulichoshika, kimbia hivyo ulivyo, mikono mitupu, kuna moto au kuna mtu anapotea. Huo mrefu mama haupigi ovyo. Na watu hawaendi kwa filimbi ya mtu mwingine. Mzee Kesho aliwahi kujaribu mama alipokuwa safarini. Huyo ndiye makamu wake siku hizi kwenye uenyekiti wa kijiji, na tunamwita hivyo kwa sababu kila jambo kwake ni la kesho. Alipuliza mpaka macho yakamtoka, akaja mbwa.

Kaka, mwaka huu mama alianza kuchoka. Mwanzoni alikuwa akisimama katikati ya mlima wa kutoka mtoni, anajifanya anatazama mashamba. Namuuliza vipi, ananiambia anahesabu mahindi ya watu. Kisha miguu ikaanza kuvimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Kisha akawa hawezi kulala chali, anaegemea mito yote ya nyumba, na mmoja nimeutengeneza kwa gunia. Yule muuguzi anayevuka kuja kuchanja watoto alimwekea kipimo kifuani, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena. Sikupenda alivyokuwa akinitazama. Alisema ni moyo, umezidiwa, mama avushwe akatibiwe mara moja maji ya mto yakiwa bado machache. Na filimbi asiiguse tena.

Mama alimsikiliza vizuri, akamshukuru, akamwambia atakwenda daraja likiisha.

Nilimbembeleza. Nikalia. Nikagomba naye mpaka nikamkosea adabu, Mungu anisamehe. Yeye akanieleza taratibu, kama ananifundisha kusuka ukili, kwamba akivuka leo Mzee Kesho atasema tuvune kwanza, tukishavuna mvua itakuwa imeshuka, mto utabeba mbao zote zilizofungwa kushikilia zege, na saruji itarudi ilikotoka. Akasema nguzo atakazoziacha zimesimama zenyewe majini zitakuwa ni aibu ya kuonyeshwa wageni. Akaivua filimbi shingoni, akaniwekea mkononi, akaniambia nipige mimi, niige vilevile, na mtu yeyote asijue. Nilipouliza kama wewe nawe ni mtu yeyote, alisema wewe kuliko wote, kwa kuwa utaacha kazi uje kumbeba mgongoni, naye hataki kubebwa.

Basi ndiyo hivyo. Kwa zaidi ya mwezi mzima, mpulizaji wa filimbi uliyosikia habari zake hakuwa mama. Ni mimi.

Kuiga si kazi ndogo. Mlio wa mama una mkia, mwishoni unapanda kidogo kama mtu anayeuliza swali. Nilijifunza mashineni, injini ikinguruma, mlango nimefunga, napuliza ndani ya ule mngurumo mpaka unga unaruka. Hakuna aliyesikia. Mteja mmoja alichungulia dirishani, akanikuta mashavu yamevimba kama chura, nikamwambia jino linaniuma. Alinipa dawa ya kusukutua, chungu kama nini, na akasimama pale kuhakikisha nimeitumia.

Asubuhi nikawa nakwenda nyuma ya jiko, nachungulia huku na huku, napiga miwili mifupi. Utadhani naiba. Halafu natega sikio. Kwanza kimya, halafu mlango unalia, halafu mwingine, halafu nasikia sepetu zinagongana njiani na watu wanataniana, na hapo ndipo napumua. Nikaeneza habari kwamba mama kateguka mguu, maagizo yatapitia kwangu. Watu wakataka kuja kumwona. Nikasema kalala. Wakirudi, anaoga. Jirani yetu mshonaji alikuja mara tatu kwa siku moja, na mara zote mama alikuwa anaoga. Akaniambia Mwenyekiti siku hizi ana usafi wa kutisha.

Nilicheka naye, kisha nikaingia ndani nikakaa sakafuni. Uongo unachosha, kaka. Nilikuwa nikisikia hatua uani, nakimbilia kufunga mlango. Nikimwacha mama kwenda mashineni, napima gunia la mtu mara mbili kwa mawazo. Kila mama akikohoa nasimama, na kila akinyamaza nakwenda kumsikiliza pumzi. Mbinguni nako natazama mawingu. Fundi mwashi alikuwa amebakiza kipande cha mwisho, kutoka nguzo ya kati hadi ukingo wa ng'ambo, na kwa kipande hicho alihitaji mawe mengi, yale makubwa yaliyolundikwa kwenye kona ya machimbo. Kila siku akisema bado kidogo, mimi namtazama mama, nasema moyoni hiki kidogo chake ni kikubwa mno.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Kulipambazuka na wingu jeusi limekaa juu ya vilima vinakotokea maji. Mama hakuweza kuinuka. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, na maneno yalikuwa yanatoka moja moja. La kwanza lilikuwa filimbi. Alinionyesha vidole viwili, yaani miwili mifupi, nisichelewe, wingu lile halikuja kutembea. Nikaenda nyuma ya jiko. Na hapo, kama nilivyowaambia watu baadaye, pumzi ilinikata kwa sababu ya unga niliokwisha kuula kifuani, milio ikaungana, ukatoka mmoja mrefu.

Lo! Ungeona. Ni kijiji kizima kwa mara moja. Mshonaji alifika na utepe wake shingoni na pini mdomoni, fundi mwashi na buti moja la mpira, mwalimu na chaki mkononi, watoto nyuma yake kama siafu. Na Mzee Kesho, kaka, alikimbia! Mtu ambaye hakuwahi kuonekana akiharakisha hata kwenda kula, alitokea kwa mbio nusu ya uso imejaa povu la kunyolea. Wakajaa uani. Wakatafuta moshi, hakuna. Wakanitazama mimi, nimesimama na filimbi shingoni, nimekauka. Hapo mke wa Mzee Kesho akaelewa alivyoelewa, akaweka mikono kichwani, akaangua kilio cha msiba, na wanawake wengine wakampokea. Wakamlilia mama yetu pale uani kwa sifa zake zote, mabati, mashine, daraja, na jinsi alivyokuwa haogopi mkubwa yeyote.

Mama alikuwa ndani, anasikia.

Sijui nguvu alizipata wapi. Tuliona mkono ukishika mwimo wa mlango, kisha mwingine, kisha yeye mwenyewe, amejifunga shuka, akauliza ni nani aliyekufa. Kilio kilikatika kama redio iliyozimwa. Mtoto mmoja akacheka kwa hofu, akapigwa kibao. Kisha watu wakaanza kuona. Wakaona miguu yake. Wakaona kifua kinavyopanda na kushuka. Mshonaji akatoa pini mdomoni moja moja, akaziweka kwenye kiganja, machozi yanamdondoka. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba kumbe ndiyo kuoga kwenyewe huku. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilimletea mama kigoda. Akaketi, akavuta pumzi, akawatazama mmoja mmoja, mikono yao mitupu. Unajua alisema nini? Alisema kwamba kwa kuwa wamekuja bila majembe, ni bahati nzuri, maana kazi iliyobaki haitaki jembe. Mawe yapo kona ya machimbo, jiwe hubebwa kwa mikono, naye haoni sababu ya mtu mzima kurudi kwake anapunga mikono. Watu wakacheka na kulia pamoja. Fundi mwashi akaanza kugeuka aende.

Ndipo Mzee Kesho alipomshika bega. Nikasema moyoni, hilo hapo, sasa analeta mambo yake. Akajifuta povu kwa mkono wa shati. Akamwambia mama kwa heshima, akimwita dada, kwamba tangu aanze kumfahamu hajawahi kukataa amri yake, ameichelewesha tu. Leo anakataa. Hakuna jiwe litakaloinuka mpaka yeye ainuke kwenda hospitali. Mama akamkazia macho, akamwambia yeye haondoki mpaka daraja lisimame. Mzee Kesho akajibu kwamba kungoja ni fani yake, wamuulize yeyote, kwa hiyo wacha wangoje. Akatandika shati lake chini, akaketi. Fundi akaketi. Mwalimu akaketi kwenye vumbi na suruali yake ya kazini. Kijiji kizima kikaketi uani kwetu kama mama alivyokuwa akiketi kwenye ofisi za wakubwa.

Alijaribu kugombeza. Pumzi haikumtosha. Akaanza tena, akashindwa, na kwa mara ya kwanza nikaona anaogopa. Si kufa, naona. Aliogopa kuwaachia. Mwishowe akanyoosha mkono kwangu, akaitaka filimbi. Nilidhani anataka kupuliza, nikasita. Akaichukua, akamwita Mzee Kesho karibu, akamvisha shingoni. Akamwambia milio miwili mifupi, kila siku, leo hii kabla ya chochote, na akisikia imelia kesho yake badala ya leo atarudi kwa miguu yake aje amvue. Yule mzee aliishika filimbi kwa mikono miwili. Akaitikia kwa kichwa.

Tulimbeba kwa kitanda kilekile alichobebewa baba. Hakuna aliyelisema, lakini tulilijua sote. Maji yalikuwa yanafika kwenye vifundo vya miguu. Tulipofika chini ya daraja alituamuru tusimame. Akanyoosha mkono akaipiga nguzo kofi, akasikiliza, akampa fundi ishara kwamba inafaa. Tulipomfikisha ng'ambo, tulisikia nyuma yetu filimbi inalia. Mbaya, inakwaruza, kama birika linalochemka. Lakini tuligeuka tukaona watu wanapandisha kwenda kona ya machimbo, na wengine wanarudi majumbani mbio kufuata sepetu.

Basi benchi ninalokalia ni la hospitali, kaka, nje ya wodi ya wanawake. Mlango wa kijani, rangi imebanduka karibu na kitasa. Nimeutazama sana. Mama yumo ndani.

Daktari ni kijana mwenye miwani, anaongea taratibu. Alinichorea moyo kwenye kiganja chake kwa kalamu. Anasema mlango mmoja wa moyo haufungi tena sawasawa, damu inarudi nyuma, maji yanajaa mapafuni na miguuni. Dawa zimepunguza uvimbe, sasa anaweza kulala bila gunia langu. Lakini mlango wenyewe hauponi kwa dawa. Inabidi apelekwe hospitali kubwa akarekebishwe, na daktari hana hakika kama ataihimili safari. Anangoja aone nguvu yake inarudi au hairudi. Nilimuuliza kama hairudi. Akavua miwani akaifuta, akaniuliza kama mama ana watoto wengine, na kama wako mbali, basi wasichelewe.

Kutoka kijijini, mwalimu alivuka jana maji yakianza kupanda, na leo amekuja kutuambia kipande cha mwisho kimemiminwa. Mvua imepiga vilimani, mto umejaa nyuma yake akiutazama kutoka ukingo wa huku, maji mekundu, na mbao zimeshika. Fundi hajaruhusu mtu kupita juu mpaka zege likomae, kwa hiyo anakaa pale mwanzoni na kijiti anafukuza watoto. Mama alipoambiwa alifumba macho, akauliza nguzo ya kati je. Mwalimu akasema imesimama. Akauliza na filimbi je. Mwalimu akasema bado ni mbaya, lakini inalia mapema kuliko ya kwake. Mama alicheka mpaka nesi akaja.

Sasa, kaka, kuna niliyokuficha. Barua yangu iliyopita niliandika kwamba nyumbani wote wazima na filimbi inalia kila asubuhi. Ilikuwa inalia kweli. Niliandika hivyo nikijua utaelewa vingine. Nilikuwa namtii mama, na nilikuwa naona aibu pia kuwa mtu wa kukuharibia kazi.

Na hata hapo juu, nilipokuambia kwamba pumzi ilinikata, nimekuandikia niliyowaambia watu. Si kweli. Pumzi ilikuwepo tele. Nilisimama nyuma ya jiko, nikaiweka filimbi mdomoni nipige miwili mifupi, nikamfikiria mama mle ndani na ile rangi ya midomo, nikafikiria wingu, nikafikiria kitanda cha baba ukingoni na sisi tunangoja. Nikaona nikipiga miwili watakuja na sepetu, watakwenda mtoni, watafanya kazi nzuri, na mimi nitarudi ndani peke yangu. Sikuweza tena. Nilipuliza mrefu kwa makusudi, kaka, mpaka masikio yakaziba. Nilimvunjia mama amri mbele ya kijiji kizima, nikasingizia unga.

Leo baada ya mwalimu kuondoka mama aliniuliza, bila kunitazama, ilikuwaje miwili ikawa mmoja. Nikaanza habari za unga. Akanikatiza. Akasema mimi tangu nizaliwe sijapungukiwa pumzi hata siku moja, nilikuwa nikilia kuanzia alfajiri hadi jua kichwani bila kumeza mate, na ndiyo maana kaka yangu aliniita Honi. Nikangoja kugombezwa. Akanishika mkono, akasema siku nyingine nisikae muda mrefu hivyo.

Kisha akauliza kama nimekuandikia. Nikamjibu hapana, si alinikataza mwenyewe. Aligeukia ukutani, akawa anasugua rangi ya ukuta kwa kidole, taratibu, na mimi nikaona bega lake linatikisika. Nikatoka nikaja kukaa hapa, nikaomba karatasi kwa nesi.

Sikutumii maagizo ya kuleta kitu. Usipite dukani, usingoje mwisho wa mwezi, usingoje greda ipate dereva mwingine. Zawadi hatuhitaji. Siku ya baba kulikuwa na mto kati yetu na hospitali, hatukuwa na la kufanya. Safari hii hakuna mto kati yako na mama; barabara yenu inafika mpaka hapa mlangoni. Kulikuwa na ukimya wangu tu, nao ndio huu nimeuondoa. Barua hii ihesabu kuwa ni mlio mmoja mrefu, nao nimeupuliza kwa pumzi yangu yote. Acha ulichoshika, uje hivyo ulivyo.

Nisalimie wenzako wa kambini, na yule mpishi wenu unayemsema kila barua. Jirani mshonaji, mwalimu, fundi na Mzee Kesho wanakusalimu. Mama hakunituma salamu, kwa kuwa hajui kwamba ninaandika. Atakupa mwenyewe.

Dereva anapiga honi huko nje, naye ameniibia jina.

Wako akungojaye hapa kwenye benchi, mlango wa kijani,

mdogo wako,
Honi